Istilahi za Ukimwi na Swali la Nani Huambukizwa

Makala haya yanahusu maneno mawili yaliyobandikwa ukutani. Maneno yenyewe ni "makundi hatarishi", na ukuta waweza kuwa wa zahanati, wa shule au wa ofisi ya kata mahali popote nchini. Mimi niliyakuta tena Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, nilipokuwa huko kwa kazi ya istilahi. Nakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo, pamoja na mengine machache ya ukoo wake, yana dosari ya kiistilahi, na kwamba dosari hiyo haiwahusu wanaisimu peke yao, kwa kuwa inamfundisha msomaji jambo lisilo kweli juu ya nani aweza kuambukizwa virusi vya Ukimwi na nani hawezi.

Tumezoea kusema kuwa wananchi wenye mawazo potovu juu ya Ukimwi hawajafikiwa na elimu. Yamkini wapo. Lakini elimu hii imetolewa kwa miaka mingi, redioni, mikutanoni, shuleni na katika nyumba za ibada, na bado mtu hukutana na imani ileile kuwa huu ni ugonjwa wa watu wa namna fulani: wale wa mjini, wale wa barabarani, wale wasiotulia. Hapo yafaa kuuliza kama imani hiyo imedumu licha ya elimu au imeingia ndani ya elimu yenyewe, kwa mlango wa maneno.

Ikumbukwe kwamba ugonjwa huu ulianza vibaya katika majina. Taarifa ya kwanza ya kitaalamu, iliyotolewa Marekani mwezi Juni 1981, iliwahusu vijana watano wa Los Angeles, wote wanaume waliojamiiana na wanaume. Kwa muda fulani baadhi ya waganga wakautaja kwa jina lililoufungamanisha moja kwa moja na watu wa tabia hiyo. Baadaye ikatembea orodha ya makundi manne, na kundi mojawapo lilikuwa ni watu wa Haiti, yaani taifa zima liliandikwa kana kwamba ni dalili ya maradhi. Mwaka 1982 jina likabadilishwa, likachukuliwa lile tulijualo, lisilomtaja mtu yeyote bali linataja kinga na upungufu wake. Mwaka uliofuata wataalamu wa Institut Pasteur, Paris, wakatambua kirusi, na mwaka 1986 kirusi hicho kikapewa jina moja la kimataifa badala ya majina yaliyokuwa yakishindaniwa. Kwa hiyo wenye ugonjwa wa maneno mabaya walijitibu mapema. Jina la kwanza lilitumika kwa muda mfupi tu, lakini dhana iliyopandwa nalo haikung'oka upesi.

Kwetu nako mambo hayakuwa tofauti sana. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufika 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umekwisha kutoa taarifa ya wagonjwa. Huko Kagera watu waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichopendwa wakati ule na kuuzwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka wa Uganda. Waganda wenyewe waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Majina hayo yaliundwa na watu wenye macho makali. Kila jina liliona kitu cha kweli. Lakini kila jina lilikuwa pia ni hukumu. Juliana lilisema: huu ni ugonjwa wa wapenda magendo na wanawake wapenda nguo. Jina la Waganda lilisema: mtu mnene hana. Na vijana wa mijini walipozichukua herufi nne za jina la Kiingereza wakazitolea kirefu cha mzaha, "Acha Iniue, Dogedoge Siachi", walionyesha kwamba istilahi zinazotoka chini si lazima ziwe na hekima kuliko zinazotoka juu, ingawa kwa uchangamfu zinatushinda mbali.

Neno Ukimwi lenyewe nalihesabu miongoni mwa mafanikio makubwa ya uundaji wa istilahi katika lugha yetu. Lugha nyingi zilichukua kifupisho cha Kiingereza au cha Kifaransa zikakitumia kama kilivyo. Kiswahili kilitafsiri kwanza, upungufu wa kinga mwilini, ndipo kikafupisha. Na kifupisho kilichopatikana kikaangukia, kwa bahati au kwa ustadi, katika ngeli ya ukoma, utapiamlo, upele na ukurutu. Mtoto asiyejua kuwa ni kifupisho hulitumia kama jina lolote la maradhi, na upatanisho wa kisarufi haumpi taabu. Wengine, hasa jirani zetu wa Kenya, hukifafanua kuwa ni ukosefu wa kinga mwilini. Kwa maoni yangu upungufu ni bora, kwa maana kinga haikosekani siku moja. Hupungua, tena polepole, kwa miaka.

Na hapo ndipo penye kasoro ya kwanza, ambayo si ya neno bali ya matumizi. Ukimwi ni hali ya mwisho. Maambukizo ni hali ya mwanzo, nayo haionekani kwa macho. Tunaposema "fulani ana Ukimwi" juu ya mtu mwenye virusi lakini mwenye afya, twamwalika msikilizaji atazame mashavu. Asipoona kukonda, asema hana. Istilahi "virusi vya Ukimwi", pamoja na kifupisho VVU, iliundwa kwa ajili ya kutenganisha hali hizo mbili, nayo imefanya kazi nzuri maofisini. Mitaani watu wamefupisha zaidi wakasema tu "ana virusi". (Umoja wake, kirusi, bado huwafanya baadhi ya wanafunzi wacheke, kwa kuwa wanasikia lugha ya Warusi. Hilo ni jambo dogo, na muktadha hulitatua.)

Sasa nirudi kwenye ukuta wa Bariadi.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Una watu zaidi ya milioni 2, wengi wao Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji. Kisukuma ndiyo lugha ya nyumbani na ya mnadani. Kiswahili ni lugha ya darasani, ya zahanati, ya mahakama na ya tangazo. Jambo hilo lina uzito kwa mwanaistilahi kuliko linavyodhaniwa. Mtumishi wa serikali aliyesoma akiliona neno "makundi hatarishi", nyuma yake anasikia istilahi ya Kiingereza, na hiyo ya Kiingereza inamsahihishia ya Kiswahili kimyakimya. Anajua kilichokusudiwa kusemwa. Mkulima wa Itilima au Meatu hana sauti ya pili nyuma ya neno. Anachosikia ni Kiswahili, na Kiswahili kile kinasema jambo jingine kabisa.

Kinasema nini? Tuliangalie neno. Kutokana na jina hatari twapata kitenzi hatarisha, yaani kutia katika hatari. Na kutokana na kitenzi hicho, kwa kiambishi -i, twapata kivumishi hatarishi. Kiambishi hicho katika maneno ya namna hii humtaja mtenda, si mtendwa. Habari potoshi ni habari zinazopotosha, si zilizopotoshwa. Kauli chochezi ni kauli inayochochea. Silaha angamizi huangamiza. Vivyo hivyo tabia hatarishi ni tabia inayomtia mtu hatarini, na mazingira hatarishi ni mazingira yanayowatia watoto hatarini. Istilahi hizo mbili ni sahihi na sina neno nazo. Lakini makundi hatarishi, kwa kanuni ileile, ni makundi yanayowatia wengine hatarini. Wale ambao Wizara ilitaka wafikiwe kwanza kwa huduma, kwa sababu wao ndio waliokaribiana zaidi na hatari, wamegeuzwa na kiambishi kimoja kuwa ndio hatari yenyewe.

Msomaji aweza kusema kuwa huu ni ubishi wa walimu wa sarufi, na kuwa mwananchi wa kawaida hachambui viambishi. La hasha. Mwananchi hachambui, lakini anasikia. Nilimwuliza mzee mmoja mkulima, aliyekuwa akisubiri zamu yake chini ya tangazo lile, kwamba mzee, maneno haya yana maana gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi mno. "Hao ni watu wa kuogopwa, mwanangu. Serikali inatutahadharisha tusikae nao." Mzee huyo alikifahamu Kiswahili barabara, tangazo ndilo lililokosea. Ikumbukwe pia kwamba huko ni katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, ambako sungusungu walizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe. Watu wa huko wana uzoefu wa miaka mingi wa kulishughulikia kundi linalohatarisha wengine, na uzoefu huo haufanani na huduma ya afya.

Dosari ya pili ya istilahi hiyo iko katika sehemu yake ya kwanza, makundi. Chini ya kichwa hicho aghalabu hufuata orodha: wanawake wanaouza ngono, wanaojidunga dawa za kulevya, madereva wa masafa marefu, wavuvi, wachimbaji wa madini. Simipingi mtaalamu anayesema kuwa watu hao wako hatarini kuliko wengine. Hilo limethibitishwa mara nyingi, na ni haki yao kufikiwa kwanza. Nasema tu jinsi orodha inavyosomwa. Kwa mtu wa Simiyu orodha ile ni ramani. Madereva wako Lamadi, barabara kuu ya Mwanza na Musoma inapopita. Wavuvi wako Busega, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Machimbo yako mahali pengine. Mkulima wa pamba aliyeko ndani, mbali na lami na mbali na maji, akiisoma orodha tangu juu hadi chini hajioni. Basi anaifunga akiwa ametulia. Wala hakumbuki, kwa kuwa orodha haikumkumbusha, kwamba msimu wa ununuzi wa pamba unapofika yeye naye husafiri, na fedha zake nazo husafiri.

Takwimu hazikubaliani na utulivu wake. Ni kweli kwamba katika tafiti za kitaifa za 2011-12 na 2016-17 kiwango cha maambukizo Simiyu kilikuwa chini ya wastani wa taifa. Lakini mkoa wenye kiwango cha juu kuliko yote nchini ni Njombe, uliozaliwa pamoja na Simiyu mwaka uleule wa 2012. Na Njombe ni mkoa wa wakulima, wa viazi, chai na mbao. Utafiti wa 2022-23 uliukuta na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye virusi, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Utafiti huohuo ulionyesha asilimia 5.6 kwa wanawake na 3.0 kwa wanaume. Na tangu utafiti wa kwanza wa aina hiyo, wa 2003-04, ilijulikana kuwa kiwango kilikuwa kikubwa kwa watu wenye uwezo kuliko kwa maskini. Hakuna istilahi yetu hata moja iliyowahi kuwataja wake wa ndoa au wenye mali kuwa ni kundi.

Wake wa ndoa wananileta kwenye istilahi ya pili, nayo ni kongwe zaidi na ngumu zaidi kuigusa: magonjwa ya zinaa.

Zinaa ni neno la sheria na la dini kabla ya kuwa neno la tiba. Maana yake ni tendo la nje ya ndoa, na ndani ya maana hiyo mna dhambi. Kwa hiyo magonjwa ya zinaa, kwa Kiswahili cha wazi, ni magonjwa yatokanayo na dhambi hiyo. Sasa mfikirie mwanamke aliyeolewa, asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe. Akiambiwa kliniki kwamba huenda ana ugonjwa wa zinaa, ana njia mbili tu za kulielewa neno: ama muuguzi anamtukana, au muuguzi amekosea. Hakuna njia ya tatu ndani ya neno lenyewe. Njia ya tatu, ambayo ndiyo ya kweli, ni kwamba ameambukizwa kitandani mwake kwa halali. Na hiyo lugha yetu ya kitabibu imeifungia mlango.

Wazee wetu walikuwa na kitu kiitwacho tego. Mume mwenye wivu aliaminika kumwekea mkewe dawa ya siri, ili mgoni atakayemwendea anase na augue. Uzuri wa tego, kwa wale walioliamini, ulikuwa kwamba linachagua: linamnasa mwizi na kumwacha mwenye mali. Naona kwamba neno zinaa limeingia katika elimu ya afya likiwa limebeba mantiki ya tego. Linaahidi kuwa ugonjwa unachagua. Virusi havichagui.

Hasara yake si ya aibu tu. Katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, jirani kabisa na Bariadi, ulifanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 utafiti uliopata sifa duniani. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha kuwa pale vituo vya afya vilipoimarishwa ili kutibu vizuri kaswende, kisonono na mengine ya jamii hiyo, maambukizo mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40. Tafiti za baadaye nchini Uganda hazikupata matokeo kama hayo, na wataalamu wamejadiliana sana sababu zake. Ila hakuna aliyepinga kwamba magonjwa hayo yanafaa kutibiwa mapema. Na mtu hawezi kutibiwa mapema ugonjwa ambao jina lake linamtaka kwanza akiri uzinzi mbele ya muuguzi, ambaye pengine ni binti wa jirani.

Istilahi mbadala ipo, wala hatuna haja ya kuiunda: magonjwa ya ngono. Imekwisha kutumika katika baadhi ya maandishi ya serikali, kisha ikaachwa, kisha ikarudi. Ngono ni jina la tendo, liwe ndani ya ndoa au nje yake, na halihukumu. Walimu kadhaa wamenieleza kwamba neno hilo ni tupu mno kulitamka mbele ya wanafunzi na wazazi. Nalielewa pingamizi hilo, nami naliheshimu. Kwao yafaa kujamiiana, yaani magonjwa yaambukizwayo kwa kujamiiana, ingawa ni refu. Lakini nashangaa kidogo kwamba tumeona haya kulitaja tendo, tusione haya kuitaja dhambi.

Istilahi ya tatu ni mpya kuliko hizo, nayo katika Simiyu ina nguvu ya pekee. Wasukuma kwa mila hawatahiri. Mwaka 2005 utafiti wa Orange Farm, Afrika Kusini, na mwaka 2007 tafiti za Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, zilionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa hupunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke. Shirika la Afya Duniani likatoa ushauri wake mwaka 2007, na Tanzania ikachagua mikoa ambayo wanaume wengi hawajatahiriwa. Shinyanga ya zamani, Bariadi ikiwa ndani yake, ilikuwa mmojawapo. Huduma hiyo ikaitwa tohara kinga.

Kwa uzuri wa sauti, istilahi hiyo haina kifani. Ni fupi, inasemeka, na mtu huikumbuka mara moja. Ubaya wake ni kwamba haina asilimia. Kinga katika Kiswahili ni kitu kinachozuia. (Simsemi kinga wa methali, "kinga na kinga ndipo moto uwakapo", ambaye ni kijinga cha moto na hana udugu na huyu.) Tukisema mwavuli ni kinga ya mvua, hatumaanishi kwamba kati ya matone kumi unazuia sita. Tena tumelipa neno hilo hilo kazi nyingi mno. Kinga ni ule uwezo wa mwili unaopungua katika Ukimwi. Kinga ni kondomu, kwa lugha ya adabu: "tumia kinga". Na sasa kinga ni tohara. Kijana aliyefundishwa shuleni kwamba mwenye kuvaa kinga amezuia maambukizo, akaambiwa baadaye kuwa tohara nayo ni kinga, ana haki ya kujumlisha kwamba amevaa kinga ya kudumu. Hakuna aliyempotosha ila jina. Waliotoa huduma hiyo husema, na kwa kweli husema kila mara, kwamba tohara haitoshi peke yake. Lakini maelezo husemwa mara moja, na jina hurudiwa kila siku.

Kisha kuna swali ambalo jina haliliulizi kabisa: kinga ya nani? Utafiti wa Rakai uliochapishwa mwaka 2009 ulichunguza wanaume waliokwisha kuwa na virusi kabla ya kutahiriwa. Haukuona kwamba kutahiriwa kwao kuliwapunguzia wake zao hatari. Kwa mke, basi, "mume wangu ana tohara kinga" si habari ya kutegemea. Hata neno tohara lenyewe, ambalo asili yake ni usafi na utakaso, linatia chumvi: aliyetahiriwa ni safi, asiyetahiriwa si safi, na tayari mitaani wenye virusi huitwa si safi, na anayepimwa akakutwa hana hutoka akisema "niko safi". Maneno yanashikana mikono bila ya sisi kuyaona. Kwa hili napendekeza turejee istilahi ya kitaalamu, tohara ya hiari ya kitabibu, na pale inapohitajika kueleza faida yake tutumie kitenzi kupunguza, si kukinga. Ikiwa mtu anasema "dawa za kupunguza makali" bila shida, na hata "kufubaza virusi", ambalo ni tumizi zuri sana la kitenzi chetu cha zamani, hakuna sababu ya kusema kupunguza kunawashinda watu.

Niliyoyasema juu ya neno kuwataja watu badala ya tendo au kirusi yanahusu pia istilahi mbili ambazo nitazipitia upesi. Mwathirika imekwisha kuachwa katika maandishi rasmi, na vema, kwa kuwa kila mtu aliyefiwa na mzazi au aliyelea yatima aliathirika bila ya kuwa na virusi. Mahali pake wenyewe wanaohusika walichukua "watu wanaoishi na VVU", fasili sahihi kabisa. Kisha, kwa ajili ya wepesi, WAVIU. Jina wamejichagulia na ni haki yao. Nalionea shaka jambo moja tu, nalo ni kwamba kifupisho hicho kimeangukia katika ngeli ya watu, na wa- ya Waviu inasikika kama wa- ya Wasukuma na Wanyamwezi. Kile kilichokuwa hali ya mtu kinaanza kunukia kabila. Ya pili ni "maambukizo ya mama kwenda kwa mtoto", ambayo kitabibu ni sahihi, kwani kirusi hupita kwa mama wakati wa mimba, wakati wa kujifungua au katika kunyonyesha. Ila inaanza hadithi katikati, na baba hayumo. Matokeo yake ni kliniki za wajawazito zilizojaa wanawake waliopimwa, na huko nyumbani wanaume wanaochukua majibu ya wake zao kuwa ndiyo yao.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba matumizi ndiyo mwalimu, na kwamba neno likizoeleka limekuwa sahihi. Nawajibu kwa mfano wa unyanyapaa. Tulipohitaji neno la kueleza tendo la kumtenga na kumwonea kinyaa mtu kwa ugonjwa wake, hatukutohoa wala hatukufasiri neno kwa neno. Tulichukua kitenzi nyanyapaa, ambacho kilikuwamo katika lugha tangu zamani kwa maana hiyohiyo. Likaingia katika hotuba, na sheria ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2008 ikalikataza tendo lenyewe. Leo hakuna anayehitaji kuelezwa. Matumizi yalifuata uamuzi mzuri, na yanaweza kufuata mwingine.

Kwa makundi hatarishi, pendekezo ninaloliwasilisha ni "watu walio hatarini zaidi". Linawataja watu, linasema wako wapi, wala haliwafanyi wao kuwa chanzo. Mtendaji mmoja wa uchapaji amenikumbusha kwamba ni maneno manne badala ya mawili, na kwamba bango lina upana wake. Nilihesabu: ni herufi 22 badala ya 16. Na katika bango lile la Bariadi, kulia kwa maneno yale, palikuwa pamebaki nafasi ya kutosha kwa nembo tatu.